Mkebe wa Saba

Kanyangi, Kitui
Jumamosi, 19 Septemba 1981

Kwa ndugu yangu mkubwa Mutie,
Kiwanda cha Kahawa, Nunguni

Kwa heshima kubwa, na baada ya kufikiri kwa makini, nakutangazia rasmi kwamba mkebe wa mafuta ya Kimbo wa kilo mbili, ule ambao mama amekuwa akiwekea chumvi tangu mwaka ulipohamia Nunguni, hauko tena mahali pake karibu na mafiga. Chumvi imehamia kwenye bakuli lisilo na kifuniko, na kuku wameionja. Tangazo limekwisha. Sasa pokea salamu.

Natumaini karatasi hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, na kwamba ile baridi ya milima ya Nunguni haijapanda kutoka magotini ulikoniambia imefika mwezi wa Aprili. Shemeji Nthenya namsalimu sana, na watoto nawasalimu mmoja mmoja. Yule mdogo ambaye sijamwona mwambie ana baba mdogo huku Kanyangi, ana ndevu chache na maneno mengi. Sisi hapa ni wazima kwa kipimo cha hapa: mama anakohoa asubuhi tu, mbuzi wamebaki wanne, na mvua ilikuja mpaka kilimani, ikatuangalia, ikarudi.

Barua zako mbili nilizipata, ya Julai na ya Agosti. Katika zote uliuliza swali moja, na katika ile ya pili uliliandika kwa herufi kubwa ukapiga mstari chini, kama ninavyofanya mimi kwa watoto wasiosikia. Uliuliza kama ni kweli kisima cha baba kimeangukia upande wa jirani yetu Ndululu. Ulisema ulisikia kwa Muli, yule anayepeleka mbuzi soko la huko, na kwamba Muli hakutaka kueleza, alisema tu umwulize mdogo wako. Muli ni mtu wa adabu. Nitakujibu, ndugu yangu, lakini jibu limo ndani ya mkebe wa chumvi, kwa hivyo nivumilie nianzie huko.

Mwezi wa Januari hedimasta Nzomo alinituma Kitui mjini kuchukua chaki. Nilipomaliza nikapita dukani kwa mzee Shee, yule wa asili ya Lamu mwenye duka karibu na msikiti, nikanunua misumari ya kushikilia ubao wa darasa la sita ambao ulikuwa unaanguka kila tukifika hesabu za sehemu. Akanifungia misumari kwa ukurasa wa gazeti la zamani la Kiingereza, na wewe unanijua: siwezi kutupa karatasi yenye maandishi hata ikiwa imefunga samaki. Niliusoma njia nzima.

Ilikuwa habari kwamba huko Uingereza kuna nyika moja ya ukungu, haina nyumba wala mbuzi, na watu wazima wenye kazi zao na wake zao huenda huko kuficha mikebe. Ndani ya mkebe wanaweka kijitabu na penseli. Kisha wanaandika mahali ulipo kwa lugha ya dira: kutoka jiwe fulani, nyuzi kadhaa, hatua kadhaa. Mtu mzima mwingine anaacha chakula chake mezani, anautafuta siku nzima kwa mvua, akiupata anaandika jina lake, anaurudisha palepale, anakwenda nyumbani amefurahi. Hakuna anayechukua kitu. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mama mmoja aliyebeba kuni akahamia upande wa pili wa njia.

Kicheko kilipoisha nikafikiria darasa langu. Kila mwaka mtihani wa darasa la saba una swali lile lile: ukisimama kanisani ukatazama mto, umeelekea wapi? Watoto wetu husimama kanisani kila Jumapili na mto wanauona, na kila mwaka wanashindwa. Kaskazini wanajua ni juu, kwa sababu katika ramani ya ukutani iko juu. Nilipomwambia mmoja anionyeshe kaskazini alionyesha paa.

Juma lililofuata nikarudi kwa mzee Shee kuuliza dira. Akafungua mtoto wa meza akatoa ya kwake ya zamani, iliyokuwa ikimwonyesha kibla kabla hajaletewa mpya kutoka Mombasa. Aliniambia kwamba kutoka Kitui kibla iko karibu kaskazini kabisa, kwa hivyo sindano hiyo haijawahi kupewa kazi ngumu maishani mwake. Alinipa bure, kwa sharti moja: nisiingie nayo kilabuni, kwa maana imezoea sala. Sharti hilo nimelitimiza. Hakuniwekea lingine.

Tulianza na miguu. Nilinyoosha kamba ya mita mia moja uwanjani, kila mtoto akapita kandoni mwake akihesabu hatua, akaandika namba yake nyuma ya daftari. Wengi walipata namba mpya kila walipopita, wengine walisahau hesabu wakaanza kuimba. Lakini kuna msichana anaitwa Kavata, wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, hasemi sana. Kavata alipata mia moja na thelathini na nane kwenda, na mia moja na thelathini na nane kurudi. Nikamrudisha mara ya tatu nikidhani anakariri. Mia moja na thelathini na nane. Nikawaambia wenzake kwamba serikali ikiishiwa na futi itamwajiri huyu.

Baada ya miguu tukaingia kwenye dira. Siku ya kwanza nililipatia kundi moja nyuzi na hatua, nikaketi kusubiri. Walipotea saa mbili. Walipita kwa jirani yetu Syokau, wakavuka bonde, wakaishia choo cha chifu, na kwa kuwa niliwaambia mkebe umefichwa mahali ambapo mtu hatarajii, waliutafuta humo kwa bidii. Chifu alikuwa ndani. Baadaye nikagundua aliyeshika dira alikuwa amefunga panga kiunoni, na sindano ilikuwa imefuata panga njia yote. Siku hiyo darasa la sita lilijifunza juu ya chuma na sumaku, na mimi nilijifunza juu ya kuomba msamaha kwa chifu.

Mikebe ilikuwa saba. Sita ilikuwa midogo, ya kakao na ya rangi. Wa saba nilitaka uwe mkubwa, uwe zawadi ya mwisho, na katika nyumba yetu mkebe mkubwa ni mmoja. Niliuchukua mama akiwa kanisani. Chumvi niliimwagia bakulini, nikajiambia nitaurudisha mwisho wa muhula. Kila mkebe ulikuwa na kijitabu cha kuandika jina, na sheria ilikuwa ukichukua kitu uache kitu. Humo walitia vifungo vya shati, vizibo vya soda, manyoya ya kanga, peremende iliyonyonywa nusu. Wengine waliandika maneno. Mmoja aliandika: Nimefika hapa nikiwa na njaa. Nilimsahihishia herufi nikamwachia mengine.

Watoto waliokuwa wakikosa Ijumaa wakaanza kuja Ijumaa. Hedimasta Nzomo, ambaye mwanzoni alisema watoto wangu wanatembea kama waliorogwa, alikuja siku moja kuhesabu hatua mwenyewe akafika mkebe wa tatu, akaandika jina lake lote na cheo. Katika jaribio la ramani walipita ishirini na mmoja kati ya thelathini na mmoja. Mwaka jana walipita wanne. Ndugu yangu, nimefundisha miaka kumi na mmoja bila cheti, na katika miaka hiyo nimeitwa mwalimu wa muda, mwalimu wa kushikilia, na wewe mwenyewe ukaniita mwalimu wa kujitolea mbele ya wakwe zako. Lakini muhula huo mmoja nilikuwa mwalimu.

Sasa, Machi, chifu aliitisha baraza. Akasema zamu ya Kanyangi imefika, maafisa wa ardhi watakuja kupima mashamba, kila mtu afyeke mpaka wake na kuonyesha alama zake. Watu wakarudi nyumbani, wakatazama shambani, wakaona nini? Wakaona watoto thelathini na mmoja wenye sare, wana chombo cha sindano, wanahesabu hatua kwa sauti kando ya makonge, wanaandika namba, na mwisho wanafukua mkebe, wanaufungua, wanaandika tena, wanaufukia palepale.

Ilichukua siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa inajulikana mpaka sokoni kwamba serikali imeanza kupima kwa siri, na kwamba imetumia watoto wa shule kwa sababu mtoto hawezi kununuliwa pombe.

Wa kwanza kuja alikuwa Syokau, na kuku chini ya kwapa. Alikunywa maji, akasifu nyumba, akasema kwamba ule mkebe ulio karibu na ua lake unaonekana umelala vibaya, na kama ungegeukia kidogo upande wa jirani ungelala vizuri. Nilimweleza. Nilimweleza habari ya Uingereza, nikamweleza mtihani, nikamwonyesha ukurasa wenyewe na misumari yake. Alitikisa kichwa kwa huruma mpaka nikamaliza. Kisha akasema: “Mwalimu, mimi si mtoto. Siri ya serikali ni siri.” Akamfunga kuku kwenye mguu wa meza akaondoka.

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyoamini, maana ofisa wa kweli hukana. Ikaja asali. Ikaja mbaazi. Mzee mmoja alileta kiti. Sikuhamisha mkebe wa mtu hata mmoja. Kuku pia sikurudisha. Njiani waliacha kuniita mwalimu wa muda wakaniita Bwana Savea, kama mpima ardhi wa kweli, wazee wakanipisha kwenye benchi, na mimi, ambaye nilijua kila kitu, nilikuwa najibu salamu zao taratibu zaidi kidogo kuliko zamani. Mama alikula zile mbaazi bila kuuliza. Aliuliza tu juu ya mkebe wake.

Mtu mmoja tu hakuleta chochote. Huyo alikuwa Ndululu. Unamjua jirani yetu wa chini: mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya shule, na tangu mwaka jana mjumbe wa kamati ya ardhi. Mtu mwenye viti vitatu hana haraka ya kusimama. Nilimheshimu kwa kutoniletea kuku. Niliona kuna mtu mmoja Kanyangi mwenye akili ya kujua mchezo ni mchezo.

Maafisa walifika mwanzo wa Julai. Aliyepewa upande wetu alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake havikuwa vya huku. Walitembea mpaka kwa mpaka, kamati nyuma yao, wanawake nyuma ya kamati, na kila walipofika mahali, Ndululu alifungua kwa maombi. Siku ya tatu walifika kwetu. Unajua mpaka wa chini ulivyokuwa: safu ya makonge ya baba, halafu lile jiwe kubwa chini ya kisima, halafu kwa Ndululu. Makonge yalikwisha mwaka jana. Yalikauka mengine, mengine mama aliyakata kusuka kamba tupate unga. Hilo sikukuandikia wakati ule kwa sababu ulikuwa umenyamaza kidogo. Kwa hivyo kijana alipouliza alama iko wapi, palikuwa na vumbi tu na jiwe, na mawe Kitui si machache.

Ndululu akasema alama iko, tena iliwekwa na mwenye shamba mwenyewe kabla serikali haijafika. Akawaongoza. Akapita jiwe, akapita kisima, akapanda shambani kwako, akasimama. Wakafukua, na hapo palikuwa na mkebe wa Kimbo wa kilo mbili.

Kijana akawauliza wazee kama wanaijua alama hiyo. Kila mzee akakumbuka mkebe ulio karibu na ua lake, na kuku wake, na asali yake. Akiukataa wangu anakataa wake. Wote wakasema ndiyo, mikebe ndiyo mipaka inayojulikana siku hizi. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Waliamini.

Kijana akanigeukia mimi. “Mwalimu, mkebe huu uliuweka wewe?”

Nikasema ndiyo.

“Hapa?”

Nikasema hapa.

Akaufungua akatoa kijitabu, akaanza kusoma majina. Akauliza hawa thelathini na mmoja ni nani. Kabla sijafungua mdomo Ndululu akasema ni mashahidi. Yule kijana alifurahi. Alisema amezunguka nusu ya wilaya na hajawahi kuona mpaka wenye mashahidi thelathini na mmoja waliotia sahihi kwa mkono wao. Akanirudishia kijitabu, akauweka mkebe wazi shimoni, akapigilia chuma chake cha alama kupitia katikati. Akatukumbusha kwamba kung'oa alama ni kosa la kisheria. Ndiyo sababu, ndugu yangu, mkebe wa chumvi hauko nyumbani. Ni mali ya serikali.

Mama alikuwa miongoni mwa wanawake. Aliutambua mkebe wake. Jioni, tukila muthokoi wa mahindi na maharagwe, aliuliza kama serikali ingeweza kumrudishia angalau kifuniko.

Tarehe kumi na saba Julai daftari la mashamba lilifunguliwa ofisini kwa chifu, wakatangaza kwamba mwenye malalamiko ana siku sitini kuyaleta, pamoja na ushahidi. Ndululu hakungoja siku hizo. Amezungushia kisima miiba, ameweka mlango wa mabati. Ng'ombe wake wanakunywa kwanza. Mama anaruhusiwa kuchota mpaka saa tatu asubuhi, na akifika husimama mlangoni akapiga hodi, kwenye kisima alichochimba mume wake, kisima kilichokula ukucha wa mguu wako ile siku jiwe lilipoteleza. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, na baba alisema maji haya yatakuwa ya Mutie kwa sababu Mutie ameyalipia kwa mguu. Nakumbuka. Nilikuwa nimeshika taa ya kandili na sikuombwa kuchimba. Shamba la juu, lisilo na maji, ndilo langu, na halikuguswa hata hatua moja.

Najua ulitaka kurudi Desemba uanze michungwa pale. Uliandika namna utakavyoipanga, ukachora hata mstari wa maji.

Kanyangi nzima inasema Ndululu alikuja kwa wizi akauhamisha mkebe kutoka kwenye jiwe, na kwamba mimi nilipoulizwa niliogopa viti vyake vitatu. Mama anasema hivyo, na anaponihudumia chakula siku hizi ananiongezea kama mgonjwa. Muli bila shaka anaamini hivyo, ndiyo maana hakutaka kueleza. Mimi nimewaacha waseme. Mwoga huhurumiwa, na huruma ni chakula laini.

Ndululu hakuugusa mkebe, Mutie. Mkono wake haukuingia hata kwenye lile vumbi. Niliuhamisha mimi.

Alikuja nyumbani Jumamosi moja mwezi wa Mei, mama akiwa sokoni. Hakuleta kuku, nimekwisha kukuambia. Alikaa kwenye kigoda cha mama, akanywa uji, akaniuliza juu ya masomo. Yeye hakuniita Bwana Savea. Aliujua mchezo kuliko nilivyoujua. Alisema, kwa sauti ya mtu anayepanga ibada:

“Mchezo wako ni mzuri, mwalimu. Lakini ule mkebe wa saba, pale kwenye jiwe, watoto wanaupata haraka mno. Mtihani mzuri ni ule mgumu. Ungepanda hatua arobaini, wangetumia akili.”

Kisha akahamia jambo lingine kabisa. Akasema juma lijalo kamati ya shule inapendekeza jina moja la mwalimu asiye na cheti aende chuoni Januari, na majina yapo mawili, na kalamu anayo yeye. Akamaliza uji, akashukuru, akaniombea.

Sikungoja kulifikiria jambo hilo hata usiku mmoja; ningekuambia nilipambana nalo ningekuwa naongeza chumvi, na chumvi yenyewe unajua iliko. Alipofika barabarani nilichukua dira na jembe. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, hakuna mtu. Nikaufukua mkebe penye jiwe, nikaligeuzia jiwe mgongo, nikahesabu hatua arobaini kwa sauti kama ninavyowafundisha. Nilipofika arobaini nilikumbuka kwamba jembe liko karibu na dira, nikaliweka mbali, nikapima tena. Nilitaka iwe sahihi.

Jumatatu watoto walikwenda na maelekezo ya zamani, kwa sababu niliona aibu kuandika mapya. Wengi walirudi mikono mitupu. Kavata alizunguka mpaka akaupata. Akaandika jina lake na tarehe kijitabuni, na chini yake akaandika: Mkebe umehama hatua 40 kutoka kwenye jiwe. Mwalimu aambiwe. Akaja darasani akainua mkono akaniambia. Nikamwambia amekosea. Akasema alihesabu mara mbili. Nikamtoa nje mbele ya wenzake, nikanyoosha ile kamba ya mita mia moja, nikamwambia ahesabu tena. Mia moja na thelathini na nane. Nikasema miguu yake imekua tangu Januari. Darasa likacheka, maana nilisema kwa namna ya kuchekesha, unajua ninavyosema. Yeye hakucheka. Alitazama miguu yake, akaenda kuketi. Tangu siku hiyo hainui mkono, na nikimwuliza hatua ngapi anajibu: zile unazotaka, mwalimu.

Ukurasa wake niliurarua kabla maafisa hawajafika. Kwa nini sikuuchoma sijui. Nadhani ni ile tabia ya kutotupa karatasi.

Kalamu ya Ndululu ilifanya kazi. Aliandika jina langu, akajaza fomu yote kwa mkono wake mwenyewe, akanisomea akiwa amevaa miwani. Fomu ikaenda. Nikangoja. Kila siku ya posta nilikwenda sokoni nikarudi. Barua zako zilikuja, nikaziweka chini ya godoro, nikasema nitajibu chuo kikishajibu, nitakuwa na habari moja nzuri ya kuchanganya na mbaya. Jibu limefika Jumatano wiki hii. Wameandika kwa heshima kwamba wanachukua waombaji wasiozidi miaka thelathini. Wamepigia mstari kwa wino mwekundu ile sehemu Ndululu aliyoandika umri wangu: thelathini na minne. Aliandika sawasawa kabisa. Mwaka niliozaliwa anaujua, alikuwa kwenye ubatizo.

Hiyo ndiyo habari yote. Ndani ya bahasha utaukuta ukurasa wa Kavata, wenye jina lake, tarehe na zile hatua arobaini, na nyuma yake nimeandika kwa mkono wangu kwamba anachosema ni kweli na kwamba aliyehamisha ni mimi. Ni ushahidi wa kutosha mbele ya ofisa yeyote. Sitakuomba unisamehe kwa barua. Ukija, njoo mchana, na mama umwambie wewe, kwa sababu mimi nimejaribu mara tatu na kila mara ananiongezea chakula.

Msalimie tena shemeji Nthenya. Watoto waambie wasome, na wakifundishwa kuhesabu hatua wahesabu kwa miguu yao wenyewe. Majirani wa hapa wanakusalimu, na Ndululu juzi kanisani aliniuliza kama u mzima huko Nunguni, nikamwambia u mzima. Mungu akulinde wewe na magoti yako.

Ni mimi mdogo wako,
Muthama

Nilisahau kuandika: zile siku sitini za malalamiko ziliisha Jumanne.